Mfarishi Wenye Ukingo wa Unifomu

Nyumbani kwetu Biryogo, mjini Kigali, nilikuwa na kapu ambalo familia yote ililiita hospitali, kwa sababu kilichoingia humo kililazwa na hakikutoka tena. Mlikuwa na kofia ya kudarizi kwa mkono niliyoitoboa vitundu nusu nikaichoka, gauni la mtoto lenye mkono mmoja, na foronya mbili zilizotakiwa kudariziwa maua matatu matatu zikaishia na ua moja moja. Sikuwa mvivu, naomba hilo lieleweke mapema. Nilikuwa na haraka, tena nina hasira za karibu. Kitu kikinikatalia mara mbili, ya tatu nilikitupa kapuni nikaanza kingine kwa moyo mweupe kabisa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chetu kilitazama barabara, na hapo alishona unifomu za shule: gauni za buluu za wasichana, mashati na kaptura za kaki za wavulana. Watoto wa mtaa wetu, na wengi wa Kimisagara huko bondeni, waliingia darasani wamevaa mishono yake. Lakini kufikia mwaka wa tisini na mbili mtoto wa jicho alikuwa amemziba jicho la kulia na ameanza la kushoto. Uzi alitunga kwa kupapasa. Kola alipima kwa kidole. Siku moja, sote tumekaa kwenye chakula cha mchana, akasema kwamba harusi ya mdogo wangu ikipita atapumzika, na cherehani itakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa Shangazi, aliyekuwa na karakana yake Kimisagara.

Nikalirudisha tonge sahanini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Cherehani ile nimeikanyaga tangu enzi ambazo ilibidi nisimame ndipo mguu ufike kwenye kanyagio.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe mkono wako ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wako," Baba akasema, bila kuinua uso. "Lakini wateja hawavai nusu gauni, mwanangu."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyouma. Nikamuuliza nimalize nini ili aniamini. Akafikiri kidogo, akasema nimalize kitu kimoja tu, kikubwa, toka mwanzo mpaka mwisho, asiguse mtu mwingine wala kunirekebishia, na kiwe tayari kabla mdogo wangu hajatoka nyumbani kwenda kwa mumewe. Nikikimaliza, cherehani inabaki kibarazani na anayekaa nyuma yake ni mimi. Nisipokimaliza, nisinung'unike.

Kikubwa kuliko vyote hospitalini kilikuwa mfarishi. Neno hilo tuliachiwa na bibi mzaa baba, ambaye baba yake alifika Kigali na wafanyabiashara wa pwani. Majirani walisema kuvreli, sisi tulisema mfarishi: kitambaa juu, kitambaa chini, kitu cha joto katikati, na vyote vitatu vikashikwa pamoja kwa mishono ya mkono. Uso wa mfarishi wangu ulikuwa wa viraka vya vitenge nilivyookota miguuni mwa mafundi wa mtaa mzima, nikavifua na kuvipanga miraba miraba. Katikati nilikusudia kuweka blanketi letu kuukuu, na chini marekani nyeupe. Nilikuwa nimeuahidi kwa mdogo wangu tangu siku alipoposwa.

"Dada," alikuwa akinitania kila akilipita lile kapu, "huo mfarishi nitajifunika mimi au wajukuu zangu?"

Nikautoa kapuni. Kwa wiki tatu nilikaa uani mkekani, nikaunga viraka, nikatandaza tabaka tatu, nikapiga bandi ndefu za kushikiza, kisha nikashona mistari ya kudumu kutoka kona hadi kona. Nilipomaliza nikakata kingo zote nne zikawa sawa, na kona nikazizungusha kwa kufuata sahani ya wali, maana kona kali hujikunja na kuchakaa mapema. Mambo yalikwenda vizuri mno, nikaanza kujisikia fundi kabla ya wakati.

Ukabaki ukingo tu. Asiyeshona atasema "tu". Tabaka tatu zimekatwa, nyuzi ziko wazi pande zote, blanketi linachungulia. Jinsi utakavyoufunika ukingo huo ndiyo itakayoamua kama una mfarishi au una furushi la matambara.

Shangazi, dada yake Baba, akaja na shauri lake. Na shauri la Shangazi halikuwa shauri, lilikuwa amri iliyovaa mtandio.

"Maandishi," akasema. "Weka maandishi kuzunguka kote."

Wanawake wa mjini kwetu watanielewa. Kitenge halisi huwa na maandishi ya kiwandani kwenye pindo lake, na mwanamke aliyevaa kitenge halisi haruhusu fundi ayafiche. Huyaacha chini ya sketi au mwisho wa shuka la kujifunga, anayepita ayasome. Siku zile ilikuwa zaidi. Vita viko kaskazini, barabara ya Uganda imefungwa, na kitenge cha maana kilikuja kwa kuzungukia Tanzania, kikija. Mwenye maandishi alitembea taratibu ili asomwe vizuri.

"Wakwe watautandaza," Shangazi akasema. "Watatazama ukingo kwanza. Waone kwamba kwa kaka yangu hakuna feki. Ama unataka waseme tumeokota?"

"Lakini tumeokota kweli, Shangazi."

"Yewe! Nani alikuomba ukweli?"

Nilicheka, na nilikubali, na kosa lilikuwa langu. Sikukubali kwa sababu ya heshima tu. Nilikubali kwa sababu na mimi nilitaka kusomwa. Nikapita kwa mafundi wote, nikawaomba kila kipande cha pindo lenye maandishi kilichobaki, nikaviunga vikawa utepe mmoja mrefu, nikauzungusha mfarishi mzima. Wallahi ulipendeza. Herufi zilikimbia pande nne bila kupumzika, na Shangazi aliita majirani wawili waje waone.

Jumatano ya wiki ya harusi akasema tuufue, utoke harufu ya dawa ya dukani. Nikaufua, nikauanika kwenye waya, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi niliukuta umesimama. Nasema umesimama! Kingo zote zimevutwa ndani, kona zimenyanyuka, katikati pametuna. Nikaulaza mkekani ukakaa kama bakuli la uji.

Sababu niliijua pale pale, na ndiyo iliyonitia hasira zaidi, maana hata fundi wa miaka mitatu kazini angeijua. Pindo la kitenge hufumwa likabanwa kuliko kitambaa chenyewe, halitaki kunyumbulika wala kuzunguka kona. Tena viraka vyangu nilikuwa nimevifua, lakini yale mapindo niliyashona makavu kama yalivyotoka kwa mafundi, kwa kuogopa maandishi yasififie. Maji yalipoyapata, yakajikusanya na kuvuta kila kitu pamoja nayo.

Nilifura. Nikausokota mfarishi, nikautupa hospitalini, nikaupiga na teke la kuusindikiza. Mdogo wangu alikuwa mlangoni akichambua mchele. Safari hii hakunitania.

"Nipe hivyo hivyo, Dada," akasema. "Nitaulalia, utanyooka."

Afadhali angenitukana.

Alhamisi asubuhi mtoto wa Shangazi akaja na ngorofani, toroli la gurudumu moja, kupima kama cherehani itaingia. Sina neno baya juu yake. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mke na watoto. Baba akamwambia akae aijaribu. Akakaa, akakanyaga. Nilikuwa jikoni, nikaisikia ile sauti niliyoizoea tangu utotoni, lakini mwendo haukuwa wetu. Baba alikanyaga kwa kusitasita, mimi nilikanyaga mbio. Huyu alikanyaga kama mtu anayehesabu. Nikaacha sufuria motoni, nikaenda nikautoa mfarishi kapuni, nikachukua wembe, nikakaa mkekani na kuanza kufumua.

Kila aliyepita akawa na la kusema. Mtoto wa Shangazi, kwa nia njema kabisa, alisema nikunje ile marekani ya chini ije juu, nipige mshono mmoja, kwisha. Si ushauri wa kijinga. Lakini marekani nilikuwa nimekwisha kuikata sawa na tabaka nyingine, hakikubaki cha kukunja. Na hata kingebaki, ukingo ndio unaoshikwa kila siku, ndio unaovutwa na mtoto anayenyang'anyana na mwenzake, na tabaka moja jeupe lingekuwa chafu kabla ya mwezi na limetoboka kabla ya mwaka. Shangazi alipopata habari akaleta shauri la pili: utepe wa satini wa dukani, wa dhahabu, unaong'aa. Nikaugusa ukateleza, ukanasa kwenye ngozi ya kidole changu, ukatoka uzi. Kidole tu! Usiku mmoja na kucha za miguu za shemeji yangu, si ungebaki nyuzi?

Nikamaliza kufumua. Nikakaa nikiutazama ukingo mtupu. Kwa mara ya kwanza sikujiuliza watu watasema nini. Nilijiuliza mdogo wangu ataufua mara ngapi.

Chini ya cherehani ya Baba palikuwa na gunia la mabaki ya unifomu. Nikavuta kipande cha buluu. Kitambaa kile nilikijua. Kimechemshwa na akina mama, kimesuguliwa kwa sabuni ya mche, kimekokotwa kwenye madawati na kupandiwa miti ya mapera, na bado mtoto akihitimu gauni lilirithiwa na mdogo wake. Hata hivyo nilikuwa nimejifunza adabu. Nikakitumbukiza kwenye bakuli jeupe la maji ya moto, nikangoja mpaka maji yakapoa. Maji yalibaki maji, halikutoka hata tone la rangi. Nikakipiga pasi, nikakiweka kando ya viraka vyangu vyenye makelele, na buluu ile ikanyamaza, ikaviacha viseme.

Shangazi akafika nikiwa nimeloweka mabaki yote, nimeyapiga pasi na kuyatandaza mezani.

"Karabaye!" akapiga kofi pajani. "Unifomu? Kitandani kwa bibi harusi? Watu watauliza anaolewa au anapelekwa darasa la kwanza!"

"Waulize, Shangazi."

"Utatuaibisha."

"Nimekwisha waaibisha na maandishi. Sasa niacheni nishone."

Sijawahi kumjibu hivyo kabla wala baada. Alinikata jicho refu, akajifunga mtandio, akaenda kukaa na Baba kibarazani akimlalamikia. Baba namsikia mpaka leo: "Nilisema asiguse mtu mwingine, dada yangu. Hata kwa mdomo."

Nikakata mshazari, yaani kwa upande wa kona ya kitambaa, ule mkato ambao mafundi wetu kwa Kifaransa chao cha cherehani huuita biye. Kitambaa kikikatwa hivyo hunyumbulika, na kwenye kona ya mviringo huzunguka chenyewe bila kugombana. Mkato huo unakula nguo nyingi, ndiyo maana watu huukwepa. Vipande vyote nilivikata upana wa vidole vitatu, nikaviunga kwa mshono wa kulala, na kila kiungo nikakifungua na kukipiga pasi ya mkaa mpaka kikalala chapa. Kisha nikaenda kibarazani. Mtoto wa Shangazi aliponiona nimeukumbatia mfarishi akanyanyuka, akaniachia kiti bila kuambiwa.

Upande wa juu niliushona kwa cherehani, mwendo wa taratibu ambao miguu yangu haikuuzoea. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikatii. Nikafika mahali pa kufungia, pale mwisho wa utepe unapokutana na mwanzo wake. Mafundi wengi hapo hupandisha ncha moja juu ya nyenzake na kushindilia mshono, na hapo hubaki nundu. Mimi sikutaka nundu. Nilikuwa nimeacha shubiri moja bila kushona, ili nizikate ncha mbili kwa mshazari ule ule, niziunge hewani kama viungo vingine, nizipige pasi, kisha nizilaze.

Mara ya kwanza nikaunga kichwa chini, utepe ukapinda. Nikafumua. Mara ya pili nikakata fupi, ukavuta na kuukunja ukingo. Nikafumua, nikaunga kipande kipya. Wanaonijua walijua kinachofuata. Mdogo wangu alikuwa ametoka na hina mikononi, amesimama kando yangu. Mtoto wa Shangazi akawa anatazama barabara. Kapu nililiona kwa pembe ya jicho pale mlangoni lilipokaa siku zote likiningoja. Nikaliambia, ng'o! Leo hulali na kitu changu. Nikapima mara tatu, nikakata mara moja, nikaunga. Ukalala sawa kabisa.

Kilichobaki kilikuwa kukunja buluu kuelekea nyuma na kuishona kwa mkono, mshono wa kificho, hatua ndogo ndogo, kuzunguka mfarishi wote. Ijumaa nzima nilishona uani, nikaacha kwa swala na chakula tu. Subana niliyovaa kidoleni ilinichubua. Mdogo wangu, ambaye hakuruhusiwa kushika kazi yoyote kwa ajili ya hina, alikaa karibu yangu akinisimulia umbea wa mtaa mzima ili nisisinzie. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, nikafunga fundo la mwisho, nikalizamisha ndani, nikakata uzi kwa meno. Nikasimama pale uani nikapiga kelele kama mwehu. Nilikuwa nimemaliza. Mimi! Nimemaliza!

Mengi yaliupata mji huu baadaye, na anayeyajua hahitaji nimkumbushe. Mimi hapa naandika Jumamosi moja tuliyofurahi, na tulifurahi kweli.

Baada ya alasiri wakaja wanawake wa upande wa bwana harusi, kutoka Kicukiro. Vyombo vikatandazwa mkekani: masufuria, mashuka, birika, na juu ya yote mfarishi. Kwetu mgeni wa namna hiyo hatazami kitu upande wa mbele. Hukigeuza. Mama mmoja mnene, mwenye miwani, ndiye aliyekuwa mkaguzi wao. Akakamata kona ya mfarishi, akaipindua, akavuta ukingo kwa nguvu zake zote, akauachia. Ukarudi mahali pake. Akaukunja kwa ndani akitafuta mishono, hakuiona. Shangazi alikuwa ameshika mtandio mdomoni, jasho linamtoka puani.

"Hii iko buluu ya shule," yule mama akasema.

"Ndiyo," nikajibu, kabla Shangazi hajafungua kinywa. "Haichuji."

"Nimewavalisha watoto saba hii buluu. Hata moto hauiwezi." Akatikisa kichwa. "Fundi wenu ni nani? Binti yangu naye anaolewa."

Shangazi, yule yule wa satini ya dhahabu, akatupa mtandio begani na kupiga kigelegele kilichowashtua kuku wa jirani. "Mtoto wa kaka yangu huyu!" akasema. "Damu yangu! Mimi nilimwambia tangu mwanzo, buluu!"

Nilitaka kumwangalia kwa hasira, nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini mwenye neno alikuwa Baba. Wageni walipohamia kwenye chakula nikamchukulia mfarishi alipokaa uani na wanaume, nikamwekea magotini. Akafuta mikono kwa kanzu. Akabana ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, akaanza kuuzungusha mapajani kidogo kidogo. Nilijua anatafuta nini. Alitafuta mahali nilipofungia, kwa sababu fundi hukamatwa hapo. Akafika kwenye kiungo, akasimama, akakisugua, akakiacha. Akafika kingine, akakisugua, akakiacha. Vyote vilikuwa sawa. Akapita kona nne, akarudi alikoanzia, akafumba macho yake ambayo hata hivyo hayakumsaidia sana, akazunguka upya. Shangazi akaja akasimama nyuma yake, akamwambia wali unapoa. Baba akazunguka mara ya tatu, vidole vyake vikienda polepole kuliko mwanzo.

Akainua uso.

"Umeanzia wapi?" akaniuliza.

"Sikwambii, Baba."

Akacheka. Mtu aliyekuwa hacheki tangu macho yaanze kuzibika alicheka mpaka kofia ikamwangukia sikioni, na mimi machozi yakanitoka mbele ya wakwe na sikuyafuta. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Kuanzia Jumatatu mimi nakaa kiti cha wateja. Mwenye nguo ya kushonwa amwone fundi. Yule pale."

Akanyoosha kidole. Kwa macho yale kidole kilikosea, kikamwelekea Shangazi. Shangazi akakishika kwa mkono wake mwenyewe, akakisogeza taratibu, mpaka kikanifikia mimi.